Ligi Kuu au Timu ya Nyumbani: Ulinganisho kwa Shabiki wa Arusha na Moshi

Shabiki wa soka anayeishi Arusha au Moshi ana jambo la kuamua ambalo mwenzake wa Kariakoo halimsumbui. Wa Kariakoo akiipenda Simba au Yanga anaipenda timu ya mtaani kwake, na timu hiyohiyo ndiyo inayogombea ubingwa wa Ligi Kuu kila mwaka. Kwetu huku Kaskazini mambo haya mawili yametengana. JKT Oljoro iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2013/14, Mkoa wa Arusha ulibaki bila timu katika Ligi Kuu Tanzania Bara, na hali ilikuwa hivyo hadi msimu wa 2025/26. Kilimanjaro ilipata nafuu ya misimu minne, Polisi Tanzania ilipopanda mwaka 2019 na kuufanya Uwanja wa Ushirika mjini Moshi kuwa nyumbani kwake, kisha nayo ikashuka mwaka 2023. Kwa hiyo mtu mwenye Jumamosi moja na fedha kidogo mfukoni hana budi kuchagua: aziweke kwenye Ligi Kuu, ambayo kwa wengi wetu maana yake ni Simba au Yanga, au aziweke kwa timu za hapa kwetu zilizo madaraja ya chini, yaani AFC, Mbuni na TMA Stars za Arusha au Polisi Tanzania ya Moshi.

Nieleze mapema ninachokitetea ili msomaji anipime vizuri. Naamini mtu anaweza kuendelea kuishabikia Simba au Yanga kwa moyo wake wote, lakini siku anapopata nafasi ya kwenda uwanjani na kulipa kiingilio, kiingilio hicho kina kazi kubwa zaidi kikilipwa kwa timu ya nyumbani. Hoja hii haina uzito uleule kwa kila mtu, na yako mambo ambayo Ligi Kuu inayatoa na timu zetu haziwezi kuyatoa hata kidogo. Nitaanza na hayo, kwa sababu watetezi wa soka la mikoani wamezoea kuyapita haraka, kana kwamba shabiki wa Simba aliyeko Sakina ni mtu aliyedanganyika.

Hajadanganyika. Ligi Kuu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, na kinachoonekana humo ndicho kiwango cha juu kabisa cha soka la klabu katika Tanzania Bara. Mkataba wa haki za matangazo ambao Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media waliusaini mwaka 2021, wa miaka 10 na wenye thamani ya Shilingi bilioni 225.6, umeifikisha ligi hiyo katika vibanda umiza vya Ngarenaro na Kwa Mrombo, na umezipa klabu fedha ambazo zamani hazikuwapo. Afrika nayo imeona matunda. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger ya Algeria; Simba ikafika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025 na kufungwa na RS Berkane ya Morocco. Mtu wa Moshi aliyezifuatilia mechi hizo roho ikiwa juu alikuwa na haki kamili ya kuziona ni zake, maana siku zile timu hizo zilikuwa zimebeba bendera ya nchi nzima.

Kuna pia suala la matawi, ambalo nadhani halipewi uzito unaostahili. Tawi la Simba au la Yanga lililoko Unga Limited au Majengo, likiwa hai, linafanya mengi kuliko kukusanya watu mbele ya televisheni. Wanachama wake wanachangiana kwenye misiba na harusi, wanamtembelea mwenzao aliyelazwa, na wanamtafutia kibarua kijana aliyekwama. Mtoto anairithi timu kutoka kwa baba au mjomba, anakulia ndani ya tawi, na akifika utu uzima wale watu wamekwishakuwa jamaa zake. Anayemwambia mtu kama huyo aache timu ya Dar es Salaam kwa kuwa si ya mkoani kwake hajui anachomwomba aache. Timu iko mbali, lakini mizizi ya mapenzi yake imeota hapahapa.

Tatizo la Ligi Kuu kwa mtu wa Arusha ni kwamba karibu wakati wote inabaki kuwa kitu cha kutazama kwenye kioo. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko umbali wa zaidi ya kilometa 600 kwa barabara. Kwenda na kurudi kunamaliza siku mbili, na nauli, chakula na malazi vikijumlishwa, mechi moja inakula fedha ambayo ingemtosha mtu kuingia uwanjani hapa mjini msimu mzima. Katika msimu wa 2024/25 timu ya Ligi Kuu yenye makao ya karibu zaidi nasi ilikuwa Fountain Gate, iliyokuwa ikitumia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa mjini Babati, safari ya takriban kilometa 170 kutoka Arusha. Wapo wanaoweza kuzimudu safari hizo mara moja moja. Wengine wote wanabaki na kibanda umiza au kisimbuzi cha nyumbani, na wala si vibaya; ila tujue kwamba mchango wa mtazamaji wa namna hiyo kwa klabu yake unapitia mbali sana, kwenye ada ya king'amuzi na kwenye jezi halisi ikiwa ameinunua.

Sasa njoo Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hapa Arusha, siku ya mechi ya Championship, ligi iliyo daraja moja chini ya Ligi Kuu. Uwanja wenyewe uko katikati ya mji, hatua chache kutoka stendi kuu ya mabasi, na jina lake ni la mshairi aliyekuwa pia waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, heshima ambayo viwanja vichache vinayo. Saa kumi jioni timu zinaingia. Watu ni wachache kiasi kwamba unaisikia sauti ya kocha akimpigia kelele beki wa kulia arudi, unausikia mpira ukigonga mwamba, na mlinda mlango anageuka kumjibu mzee aliyemkosoa kutoka jukwaani. Muuza karanga anazunguka mara tatu kwa mtu yuleyule. Kijana anayecheza winga leo utamkuta kesho kwenye daladala ya Kijenge, ukimsalimia ataitikia, na ukimwambia krosi zake zinakwenda nyuma ya goli atakusikiliza. Hakuna kisimbuzi kinachoweza kukupa hayo. Kiwango cha mchezo, kusema kweli, kinapanda na kushuka: zipo dakika 20 za mpira wa kubutuabutua, kisha inatokea pasi moja inayowainua watu kwenye viti. Anayetaka burudani iliyokamilika kila dakika hatafurahi hapa, na ni afadhali alijue hilo kabla ya kulipa.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo tofauti inapokuwa kubwa. Klabu ya Championship au ya madaraja yaliyo chini yake inaishi kwa kubangaiza. Ina safari za ugenini zinazoweza kuifikisha Songea au Musoma, ina waamuzi wa kuhudumia, ina wachezaji wanaohitaji posho, chakula na matibabu wanapoumia, na mgao wa haki za matangazo inaoupata haulingani na ule wa Ligi Kuu. Katika hali hiyo kiingilio cha watu mia tano wa ziada si jambo dogo. Kinaweza kuwa mafuta ya basi, na kukosekana kwake kunaweza kuwa sababu ya timu kusafiri usiku kucha na kushuka moja kwa moja uwanjani. Kwa Simba au Yanga, mtu mmoja wa Arusha akikosa kuja, au hata mia tano wakikosa, hesabu ya klabu haitikisiki. Ndiyo maana nasema kiingilio kilekile kina uzito tofauti kutegemea mlango kinapolipwa.

Ipo hoja inayorudiwa kila mara kwamba watu wa Arusha hawaji uwanjani kwa sababu ni mji wa biashara na utalii, watu wake wana shughuli nyingi, au kwamba hali ni ngumu. Ushahidi wa karibuni unaikataa hoja hiyo. Tarehe 2 Julai 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports, ambalo ni la hapa nchini na si lile la Afrika, ililetwa Sheikh Amri Abeid. Yanga na Coastal Union zikatoka sare ya 3-3 na Yanga ikalichukua kombe kwa mikwaju ya penalti. Msimu wa 2024/25 Coastal Union ilitumia uwanja huohuo kwa baadhi ya mechi zake za nyumbani, zikiwamo dhidi ya Yanga na dhidi ya Simba. Siku hizo hapakuwa na shida ya watu kuacha maduka, wala ya kiingilio kuonekana kikubwa. Mji ulivaa jezi, na upande wa mgeni ulikuwa na mashabiki wengi kuliko mwenyeji kwenye karatasi. Nami sikatai, ilikuwa raha kuona uwanja wetu umechangamka. Lakini tuangalie lililofanyika: timu ya Tanga ilikuwa mwenyeji, timu ya Dar es Salaam ilikuwa mgeni, na watu wa Arusha walikuwa wanunuzi wa tiketi. Fedha zilitoka mjini kwetu kwenda kwingine, na wiki iliyofuata timu ya mkoa ilirudi kucheza mbele ya majukwaa matupu. Uwezo upo, kwa hiyo, na hamu ya kwenda uwanjani ipo. Kinachokosekana ni sababu ya kuamini kwamba timu ya hapa ni yetu.

Na hapa lazima nikubali kwamba wanaosita wana hoja nzito. Timu ya nyumbani ni ya nani hasa? Ukizitazama klabu za Arusha na Kilimanjaro zilizofika juu katika miaka ya karibuni, nyingi ni za majeshi. JKT Oljoro ilikuwa ya Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi Tanzania ni ya Jeshi la Polisi, na Mbuni na TMA Stars nazo zina asili ya jeshini. Timu za namna hii zina faida kubwa: mishahara ya wachezaji haiyumbi kama ya klabu ya raia, nidhamu ipo, na basi halikosi dereva. Lakini shabiki hana kadi ya uanachama, hapigi kura, na hana la kusema juu ya kocha wala juu ya timu kuhamishiwa kwingine. Akiambiwa kwamba hii ni timu yake, ana haki ya kuuliza yake kwa maana gani. Simba na Yanga, pamoja na mabadiliko ya muundo na ujio wa wawekezaji, bado zina wanachama, zina mikutano mikuu, na tawi la Moshi linaweza kupeleka sauti yake huko. Katika kipengele hiki, kwa mshangao wa wengi, klabu kubwa ya mbali inamshirikisha mtu wa kawaida kuliko timu iliyo jirani na nyumba yake.

AFC ndiyo inayoelekea zaidi kuwa timu ya wananchi wa Arusha, kwa kuwa inabeba jina la mji na iliwahi kufika Ligi Kuu. Vivyo hivyo wazee wa Moshi bado wanaitaja Ushirika, ambayo kwao ilikuwa sehemu ya fahari ya Kilimanjaro. Klabu za raia ndizo zinazoumia zaidi watu wasipokuja, kwa sababu nyuma yake hakuna kambi wala bajeti ya taasisi. Kwa hiyo anayechagua soka la nyumbani asiishie kusema "nitaishabikia timu ya mkoa." Ajiulize anataka nini. Akitaka kuiona timu yenye nafasi ya karibu ya kupanda daraja, aende kwa timu za majeshi, ambazo katika msimu wa 2024/25 zilikuwa tatu kutoka mikoa yetu miwili katika Championship yenye timu 16: Mbuni, TMA Stars na Polisi Tanzania. Akitaka kuwa na sauti, aende kwenye klabu ya raia iliyo chini zaidi, aulize kuhusu uanachama, ahudhurie mkutano, na awe tayari kwa miaka kadhaa ya soka la mchangani kabla ya kuona matunda. Mimi ningeshauri la pili kwa kijana na la kwanza kwa mtu mzima mwenye majukumu mengi.

Kuhusu matumaini ya vikombe nitasema machache. Shabiki wa Simba au Yanga anaanza kila msimu akijua ubingwa unawezekana. Tangu Mtibwa Sugar ya Turiani ilipoutwaa mwaka 1999 na 2000, ni Azam peke yake, msimu wa 2013/14, iliyowapokonya wakubwa hao. Tukuyu Stars ilifanya hivyo mwaka 1986 na Coastal Union mwaka 1988, na katika orodha nzima ya mabingwa wa Bara hakuna timu ya Arusha wala ya Kilimanjaro. Anayekuja kwa timu ya nyumbani abadilishe kipimo. Furaha ya kule chini ni kupanda: timu mbili za juu za Championship zinapanda moja kwa moja, zinazofuata zinapitia mchujo, na msimu wa 2024/25 nafasi hizo za moja kwa moja zilikwenda kwa Mtibwa Sugar na Mbeya City. Yapo machungu yake pia, kwa sababu pointi mbili zilizopotezwa nyumbani mwezi Novemba mbele ya watu wachache zinaweza kuwa ndizo zilizokosekana mwezi Mei.

Suala la vijana linastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Mtoto wa Sombetini mwenye kipaji anahitaji ngazi, na ngazi hiyo inaanzia ligi ya wilaya, inakwenda ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, kisha First League, iliyo chini ya Championship, na Championship yenyewe. Klabu za mkoa zikiwa imara, anaweza kupanda ngazi mbili au tatu akiwa bado analala kwao na kula chakula cha mama yake. Zikiwa dhaifu, anapanda basi la Dar es Salaam akiwa na miaka 16, bila ndugu wa kumpokea, kwa ahadi ya mtu aliyemwona kwenye ndondo. Baadhi wanafanikiwa. Wengi wanarudi kimya kimya, na wazazi wao wanaujua uzito wa jambo hilo kuliko mimi. Mzazi yeyote ambaye mwanawe anacheza mpira ana sababu ya kuitakia heri timu ya mkoa ambayo haihusiani kabisa na jezi anayoipenda.

Tena muda hausubiri. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, na Arusha imo kwa uwanja mpya wa Olmoti wenye uwezo wa kupokea takriban watu 30,000. Mashindano yenyewe ni ya wiki chache tu, na baada ya hapo uwanja wa ukubwa huo utahitaji mwenyeji wa kudumu. Tukiwa na timu ya Ligi Kuu, Simba na Yanga watakuja hapa kila msimu kama wageni wetu, na shabiki wao wa Arusha atawaona kwa macho bila kupanda basi. Tusipokuwa nayo, tutaendelea kusubiri timu ya mkoa mwingine ije kuazima uwanja. Shabiki wa Simba au Yanga anayeishi Arusha ana faida ya moja kwa moja timu ya Arusha inapopanda, na nashangaa hoja hii haisikiki zaidi kwenye matawi.

Basi kwa atakayeniuliza achague nini, jibu langu linategemea yeye ni nani. Aliyekulia kwenye tawi, na tawi hilo ndilo linalomzika na kumsitiri, abaki huko bila kuona aibu. Aombe tu tawi lake lipange kwenda pamoja Sheikh Amri Abeid walau mara moja kwa mwezi, wakiwa na jezi zao zilezile. Anayefuata mpira kwa ajili ya ubora wa mchezo na hana hamu na mambo ya klabu, Ligi Kuu kwenye televisheni inamtosha. Mgeni aliyehamia Arusha au Moshi kikazi na hajafahamiana na watu, aende kwa timu ya nyumbani: kwenye jukwaa lenye watu wachache mtu hakai muda mrefu kabla ya kuulizwa jina. Mwenye watoto afanye hivyohivyo, kwa sababu kiingilio ni kidogo, msongamano haupo, na mtoto anaweza kumpa mkono mchezaji mechi ikiisha.

Limebaki swali moja ambalo linawagawa watu hata ndani ya nyumba moja, nalo ni siku ambayo droo ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini inaipanga timu ya hapa kucheza na Simba au Yanga. Wapo wanaosema siku hiyo kila mtu arudi kwenye rangi zake. Mimi sikubaliani nao. Timu kubwa ikitolewa ina Ligi Kuu na ina mashindano ya Afrika ya kujifariji nayo. Timu ya mkoa inaweza isiipate nafasi ya namna ile tena kwa miaka kumi, na kijana wa Ngarenaro aliyepangwa kumkaba mshambuliaji wa timu ya taifa anapaswa kusikia jina lake likiitwa na watu wa kwao. Shabiki anayeshindwa kabisa kuishangilia timu ya mji wake mbele ya ile aliyorithi kwa baba yake, basi asiwazomee vijana hao, na Jumamosi inayofuata, watakaporudi kwenye ligi yao saa kumi jioni, awe kati ya waliolipa kiingilio.